Pumziko la Nyasi: Namna ya Kurudisha Malisho ya Ng'ombe katika Nyanda Kavu

Mwezi wa Oktoba, kiangazi kinapokaribia ukomo wake, mtu apitaye katika vijiji vya Shinyanga aweza kuona jambo la kumfikirisha. Upande mmoja wa njia ardhi ni tupu. Udongo umekuwa mgumu kama sakafu, na kilichobaki juu yake ni visiki vya nyasi vilivyotafunwa hadi chini na vichaka vya miiba ambavyo ng'ombe hawavigusi. Upande wa pili nyasi kavu zingali zimesimama hadi kufika magotini, na miti michanga imechipua katikati yake. Mvua iliyonyesha pande zote mbili ni ile ile, na udongo ni ule ule. Tofauti ni kwamba upande wa pili ulifungwa tangu mvua zilipoanza, ng'ombe wasiingie, hadi nyasi zilipokomaa na kudondosha mbegu.

Sehemu iliyofungwa namna hiyo Wasukuma huiita ngitili. Ni desturi ya wafugaji ya tangu zamani, lakini ndani yake mna kanuni za elimu ya mimea ambazo kila mwanafunzi wa biolojia aweza kuzieleza. Makala haya yanaeleza kanuni hizo, na jinsi zinavyoweza kutumika pamoja na upandaji wa mbegu ili malisho yaliyochakaa yapate kurudi katika hali yake bila gharama kubwa za mbolea na mitambo.

Jambo hili si dogo. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na walio wengi hawali chakula kingine ila nyasi zinazoota zenyewe. Nyasi zikipungua, maziwa hukauka, ndama hudhoofu, na ng'ombe wa kulimia huingia msimu wa kilimo wakiwa hawana nguvu. Wafugaji hulazimika kuhama, na aghalabu hukutana na wakulima katika mashamba yao, ugomvi ukazuka. Ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020 na kuendelea hadi mapema 2023 katika Pembe ya Afrika uliangamiza mamilioni ya mifugo huko Ethiopia, Somalia na Kenya. Mvua haiwezi kuamriwa na mwanadamu. Lakini kiasi cha nyasi kinachopatikana kutokana na mvua hiyo hutegemea sana matendo yake.

JINSI NYASI ZINAVYOISHI

Mmea wa nyasi hujitengenezea chakula katika majani yake kwa njia ya usanisinuru. Sehemu ya chakula hicho hutumika kuotesha majani mapya, na sehemu nyingine hushuka kwenda kwenye mizizi na kwenye tako la shina, ambako huwekwa akiba katika umbo la sukari na wanga. Akiba hiyo ndiyo inayouvusha mmea katika kiangazi, na ndiyo inayotoa machipukizi ya kwanza mvua zinaporudi.

Nyasi zina jambo moja linalozitofautisha na mimea mingine mingi. Mche wa mharage ukikatwa kichwa hupoteza ncha inayokua, na huenda ukafa. Nyasi, kwa upande wake, huwa na sehemu inayokua karibu na ardhi kwa muda mrefu wa maisha yake, na jani lake huongezeka urefu kutoka chini, si kutoka ncha. Kwa sababu hiyo ng'ombe, pundamilia au nyumbu aweza kukata majani ya juu, na mmea ukaendelea kukua. Nyasi na wanyama walao majani wameishi pamoja kwa mamilioni ya miaka, na kuliwa peke yake si maangamizi kwa nyasi. Nyasi za kudumu zisipoliwa kabisa kwa miaka mingi hujisonga kwa majani makavu, na machipukizi hukosa mwanga.

Hatari imo katika kiasi kinacholiwa na katika muda unaopita kabla mmea haujaliwa tena. Mwaka 1955 mtaalamu wa Marekani, Franklin Crider, alitangaza matokeo ya majaribio yake juu ya mizizi ya nyasi. Alikata majani kwa viwango mbalimbali, kisha akapima ukuaji wa mizizi. Ilionekana kwamba majani yakipunguzwa kwa chini ya nusu, mizizi huendelea kukua karibu kama kawaida. Yakiondolewa zaidi ya nusu, sehemu kubwa ya mizizi husimama. Na yakiondolewa kwa asilimia 80 au 90, mizizi yote huacha kukua kwa siku nyingi. Sababu yake ni rahisi kufahamika: mmea uliopoteza majani hauna kiwanda cha kutengenezea chakula, hivyo hutumia akiba kuotesha majani kwanza, na mizizi husubiri.

Mmea ukipewa muda, majani hurudi, akiba hujazwa upya, na mizizi huendelea na safari yake ya kushuka chini. Lakini machipukizi yakiliwa tena yangali machanga, akiba huchukuliwa mara ya pili kabla ya deni la kwanza kulipwa. Hali hiyo ikirudiwa mara nyingi katika msimu mmoja, mizizi hufupika. Kiangazi kifikapo, mmea wenye mizizi mifupi hukauka na kufa, ingawa mwenzake wa upande wa pili wa njia, wenye mizizi mirefu, hupata unyevu ulioko chini na kuishi.

NG'OMBE HUCHAGUA

Mfugaji aweza kudhani kwamba malisho huharibika pale tu mifugo inapokuwa mingi. Kwa kweli wingi wa mifugo ni sababu kubwa, lakini si sababu pekee. Ng'ombe halishi kama mtu anayefyeka kwa panga, ambaye hukata kila kitu kwa usawa. Huchagua. Hula kwanza nyasi tamu na laini, huacha zile ngumu au chungu, na baada ya siku chache hurudi pale pale alipokula, kwa kuwa machipukizi mapya ni matamu kuliko majani yaliyozeeka. Kwa hiyo, hata ng'ombe wachache wakiachwa sehemu moja msimu mzima, nyasi zilizo bora ndizo zinazoadhibiwa mfululizo, na zile mbaya hupata nafasi ya kukua na kuzaa mbegu.

Mfaransa André Voisin, aliyekuwa mkulima na mtafiti huko Normandie, alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1957. Alionyesha kwamba kuna nyakati mbili za kuangaliwa: muda ambao mifugo inakaa katika sehemu, ambao yafaa uwe mfupi ili mmea usiliwe mara ya pili, na muda wa mapumziko, ambao lazima utoshe mmea kurudisha majani na akiba. Katika nchi yenye mvua nyingi pumziko hilo laweza kuwa la wiki chache. Katika nyanda kavu za Afrika, ambako mvua hukatika ghafla, pumziko laweza kuhitaji msimu mzima.

Malisho yanayonyimwa pumziko hubadilika kwa hatua. Kwanza nyasi za kudumu zilizo tamu hupungua. Nafasi yake huchukuliwa na nyasi za mwaka mmoja, ambazo huota upesi mvua zikinyesha na kutoweka upesi zikikoma. Baadaye huja magugu yasiyolika na vichaka vya miiba kama kikulagembe. Mwisho wake ni ardhi iliyo wazi.

MAJI YANAKWENDA WAPI

Ardhi iliyo wazi ina hasara ambayo haionekani kwa macho upesi. Milimita 1 ya mvua juu ya hekta 1 ni lita 10,000 za maji. Dodoma hupata kwa wastani milimita 570 hivi kwa mwaka, nazo ni zaidi ya lita milioni 5 kwa kila hekta. Kiasi hicho si haba. Swali ni kiasi gani kinaingia ardhini.

Tone la mvua linapoanguka juu ya udongo usio na kifuniko hupiga kwa nguvu na kuvunja chembechembe za udongo. Chembe laini huziba vitundu vidogo vya juu, na udongo ukikauka hufanyika ganda gumu. Mvua ya pili haipati pa kuingilia. Hutiririka, ikichukua pamoja nayo udongo wa juu, samadi na mbegu, na kuchimba makorongo. Palipo na nyasi tone huvunjwa nguvu na majani, maji hushuka polepole kwenye shina, na mizizi pamoja na wadudu wa udongoni huyafungulia njia. Ndiyo maana sehemu mbili zinazopata mvua sawa zaweza kuwa na ukame usio sawa. Mfugaji mwenye malisho yaliyochakaa huona kwamba mvua zimepungua, na pengine zimepungua kweli; lakini hata zile zilizonyesha hazikubaki kwake.

PUMZIKO KWANZA: MAFUNZO YA KONDOA NA SHINYANGA

Katika sehemu nyingi malisho yaliyochakaa hayahitaji mbegu kutoka dukani. Mashina machache ya nyasi za kudumu yangali hai chini ya miiba, na mbegu zimelala udongoni. Kinachotakiwa ni kuyapa muda.

Ushahidi mkubwa ulipatikana Kondoa. Mmomonyoko wa ardhi katika milima ya huko ulikuwa umefikia hali ya kutisha, na mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, kwa kifupi HADO. Mwaka 1979 mifugo yote ipatayo 90,000 iliondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Katika miaka iliyofuata nyasi, vichaka na miti vilirudi kwa sehemu kubwa bila kupandwa, na makorongo mengi yakaanza kutulia.

Lakini dawa hiyo ilikuwa chungu. Familia zilizoondolewa mifugo zilikosa maziwa, samadi na ng'ombe wa kulimia, na hazikuwa na neno kubwa katika uamuzi huo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ufugaji wa ng'ombe wachache wa maziwa wanaolishwa zizini ulianza kuingizwa. Kondoa ilionyesha kwamba ardhi yaweza kujiponya ikipumzishwa; ilionyesha pia kwamba pumziko linalomwacha mfugaji bila riziki ni vigumu kudumu.

Shinyanga ilifuata njia nyingine. Wakati wa ukoloni misitu mingi ya huko ilifyekwa ili kuwafukuza mbung'o, na baadaye mashamba ya pamba na wingi wa mifugo viliongeza uhaba wa miti na nyasi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizojulikana zilikuwa takriban hekta 600 tu. Badala ya kuwaondoa ng'ombe, mradi uliihuisha desturi ambayo wenyeji walikuwa wakiifahamu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili, za watu binafsi na za vijiji, zilikadiriwa kufikia zaidi ya hekta 300,000.

Utaratibu wa ngitili ni huu. Sehemu hufungwa mvua zinapoanza. Wakati huo nyasi nje ya ngitili ni nyingi, hivyo ng'ombe hawapati shida. Ndani, nyasi hukua, hujaza akiba ya mizizi, huzaa na kudondosha mbegu. Kiangazi kinapopamba moto na nyasi za nje zimekwisha, ngitili hufunguliwa, mara nyingi sehemu kwa sehemu, ili isimalizike kwa mara moja. Nyasi zinazoliwa wakati huo zimekwisha kamilisha kazi yake ya mwaka. Akiba yake imo chini ya ardhi, mahali ambapo jino la ng'ombe halifiki. Wamaasai nao wana desturi inayofanana na hiyo, ya kutenga olopololi karibu na boma kwa ajili ya ndama na wanyama dhaifu.

PALE MBEGU ZINAPOHITAJIKA

Ipo ardhi ambayo pumziko peke yake halitoshi. Mashina ya nyasi za kudumu yamekwisha kabisa, udongo umefunikwa na ganda, na mbegu zilizokuwamo zimechukuliwa na maji. Ili kutambua hali hiyo, mtu aweza kutembea hatua 100 kwa mstari ulionyooka, na katika kila hatua akaangalia kilicho mbele ya ncha ya kiatu: shina hai la nyasi za kudumu, nyasi za mwaka mmoja, gugu, au udongo mtupu. Akiandika hesabu hiyo na kuirudia sehemu kadhaa, atapata picha ya kweli ya malisho yake. Mashina hai yakiwa yametapakaa, pumziko litatosha. Yakiwa hayaonekani, hapana budi kupanda.

Swali la pili ni mbegu gani. Wengi hudhani kwamba nyasi bora lazima zitoke ng'ambo. Ukweli ni kinyume chake: nyasi nyingi zinazopandwa leo katika nchi za joto duniani asili yake ni Afrika. Cenchrus ciliaris, nyasi inayovumilia ukame na kuota yenyewe katika nyanda za Dodoma, ni mfano mzuri. Aina yake iitwayo Biloela, ambayo imepandwa sana huko Queensland, Australia, ilitokana na mbegu zilizochukuliwa Dodoma. Na aina iitwayo Gayndah ilitoka Kenya. Nyasi za Rhodes, Chloris gayana, zilichaguliwa na kuboreshwa katika kituo cha utafiti cha Kitale, Kenya, na kutoa aina kama Boma na Elmba. Eragrostis superba, ambayo ng'ombe huipenda sana, nayo ni mwenyeji wa nyanda hizi. Ni vema kukumbuka pia kwamba Cenchrus hiyo hiyo, ilipofika Australia na majangwa ya kusini-magharibi mwa Marekani, iliingia katika hifadhi za mimea ya asili na kuwa gugu lenye kushika moto upesi. Nyasi iliyo mwenyeji wa mahali ndiyo ya kutafutwa kwanza.

Mbegu zaweza kuvunwa kwa mkono katika ngitili nzuri au kandokando ya barabara, wakati masuke yamekomaa na mbegu zinatoka kwa kuvutwa kidogo. Hukaushwa kivulini na kuwekwa katika mifuko ya nguo, mahali pakavu. Mbegu mpya za nyasi nyingi, Cenchrus ikiwa mojawapo, huwa na usingizi wa miezi kadhaa, na zikipandwa mara baada ya kuvunwa huota kwa shida. Kwa hiyo zile zilizovunwa mwaka huu yafaa zipandwe msimu ujao. Kabla ya kupanda, mbegu 100 huwekwa juu ya kitambaa chenye unyevu kwa muda wa wiki mbili. Zikiota 30, uotaji ni asilimia 30, na kiasi cha kupanda hupangwa kwa kufuata hesabu hiyo. Kwa kawaida hekta 1 huhitaji kilo 3 hadi 5.

Kosa la kawaida katika upandaji ni kuzifukia mbegu mno. Mbegu ya nyasi ni ndogo, na chakula kilichomo ndani yake hakitoshi kusukuma chipukizi kutoka kina kirefu. Sentimita 1 yatosha. Hatua zake ni hizi: ganda la udongo huvunjwa kwa jembe au kwa plau katika mistari inayokata mteremko, ili maji yasimame na kuingia. Mbegu, ambazo ni nyepesi na zenye nywele, huchanganywa na mchanga mkavu au samadi iliyosagika ili zisipeperuke, kisha hunyunyizwa katika mistari hiyo kabla kidogo ya mvua kuanza au zinapoanza. Tawi la mti huburutwa juu yake kuzifunika. Mwisho, matawi ya miiba hutandazwa juu ya sehemu zilizo wazi zaidi. Matawi hayo huzuia ng'ombe na mbuzi, hutoa kivuli chepesi, na hunasa udongo, majani na mbegu nyingine zinazobebwa na upepo.

Pasipo na mbegu za kutosha, nyasi zilizokatwa zikiwa na masuke yaliyokomaa zaweza kutandazwa juu ya ardhi tupu. Huulinda udongo na kudondosha mbegu kwa wakati mmoja.

Baada ya hapo linakuja sharti ambalo wengi hulivunja. Nyasi zilizopandwa hazina budi kufungwa msimu wote wa kwanza, mpaka zizae. Mche mchanga huonekana mbichi na wenye kuvutia, lakini mizizi yake ingali mifupi, na ng'ombe akiuvuta hung'oka wote. Mbegu bila pumziko ni sawa na kuwanunulia ng'ombe chakula cha siku moja kwa bei kubwa.

MIKUNDE KATI YA NYASI

Nyasi zikikauka hupungua protini. Inapokuwa chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu vilivyomo katika tumbo la ng'ombe, ambavyo ndivyo vinavyozimeng'enya nyasi, hukosa naitrojeni ya kutosha kwa kazi yao. Ng'ombe aweza kuwa na tumbo lililojaa na bado akakonda.

Mimea ya jamii ya mikunde husaidia hapa. Katika mizizi yake mna vinundu vyenye bakteria waitwao Rhizobium, ambao huchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Majani ya mikunde huwa na protini nyingi kuliko nyasi hata kiangazi, na yanapodondoka huurutubisha udongo kwa faida ya nyasi zilizo jirani. Neonotonia wightii, mkunde unaotambaa, ni mwenyeji wa Afrika Mashariki. Stylosanthes na Clitoria ternatea huvumilia ukame. Mti wa lusina hutoa majani mengi, lakini una kemikali iitwayo mimosini, hivyo yafaa uwe sehemu ndogo tu ya chakula cha siku. Mbegu za mikunde mingi zina ganda gumu, na huota vizuri zaidi zikimwagiwa maji ya moto na kuachwa zilowe usiku mmoja.

HESABU YA MFUGAJI

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Ng'ombe mwenye uzito wa kilo 250 hula kila siku nyasi zenye uzito mkavu upatao asilimia 2.5 ya uzito wake, yaani kilo 6 hivi. Tuseme familia ina ng'ombe 10 na ngitili yao ni ya kuwavusha siku 150 za kiangazi. Watahitaji kilo 6 × 10 × 150, yaani kilo 9,000. Ikiwa ngitili ina kilo 2,000 za nyasi kavu kwa hekta, na nusu yake inaachwa kwa ajili ya kuufunika udongo, na kwa kuwa sehemu hukanyagwa na nyingine huliwa na mchwa, basi kila hekta itatoa kilo 1,000. Familia hiyo yahitaji hekta 9. Ng'ombe wakiwa 20 katika hekta hizo 9, nyasi zitakwisha siku ya 75, katikati ya kiangazi. Hapo mwenye ng'ombe ama atakula ile nusu ya udongo, ama atauza ng'ombe waliokonda kwa bei ya chini. Aliyefanya hesabu mapema huuza wachache wangali wanono, na waliobaki hushiba.

Nje ya ngitili malisho yaweza kugawanywa katika sehemu nne hivi, mifugo ikahamishwa kutoka moja hadi nyingine, na kila mwaka sehemu moja ikaachwa ipumzike msimu mzima wa mvua. Baada ya miaka minne kila sehemu itakuwa imezaa mbegu kwa utulivu. Hata hivyo mzunguko si mwujiza. Mwaka 2008 David Briske na wenzake wa Marekani walichunguza majaribio mengi yaliyolinganisha uchungaji wa mzunguko na ule wa kuacha mifugo mahali pamoja. Waliona kwamba, idadi ya mifugo ikiwa sawa, mzunguko peke yake haukuongeza mazao kwa namna ya kutegemewa. Idadi ya mifugo, mvua, na uangalifu wa mfugaji mwenyewe ndivyo vilivyokuwa na uzito. Mzunguko ni chombo cha kugawia pumziko. Ng'ombe wakizidi kiasi, hakuna pumziko la kugawa.

Maboma nayo yana funzo lake. Samadi inayolundikana bomani ni rutuba iliyokusanywa kutoka eneo kubwa. Huko Laikipia, Kenya, mahali palipokuwa na maboma ya zamani huonekana hata baada ya miongo kadhaa kama viwanja vya nyasi nzuri katikati ya vichaka. Mfugaji anayehamisha boma lake la muda na kuliweka juu ya sehemu zilizokufa huzipa sehemu hizo samadi, na kwato za ng'ombe hulivunja ganda la udongo.

JARIBIO LA SHULENI

Kanuni zilizoelezwa hapa zaweza kuthibitishwa katika uwanja wa shule. Wanafunzi wachukue makopo tisa yaliyotobolewa chini, wayajaze udongo wa aina moja, na kupanda katika kila kopo shina moja la nyasi za kudumu lililogawanywa kutoka tuta moja. Baada ya wiki nne za kumwagilia kwa kipimo sawa, makopo yagawanywe katika makundi matatu. Kundi la kwanza lisikatwe. La pili likatwe nusu ya urefu wa majani mara moja tu, kisha liachwe. La tatu likatwe kila wiki hadi kubaki sentimita 2. Baada ya wiki sita mizizi ioshwe kwa uangalifu, ikaushwe juani na kupimwa uzito. Matokeo yaandikwe katika jedwali na wastani wa kila kundi ulinganishwe. Kisha kundi la kwanza na la tatu zirudiwe upya, safari hii maji yakikatizwa kwa wiki mbili, ili ionekane ni zipi zinazostahimili ukame.

Jaribio la pili ni la nje. Mita mraba 1 ya ardhi inayochungwa izungushiwe miiba kabla ya mvua, na nyingine jirani yake iachwe wazi. Mwisho wa mvua idadi ya aina za mimea na uzito wa nyasi vilinganishwe. Shule yenye kuitunza daftari hiyo kwa miaka mitano itakuwa na habari ambazo hata ofisi ya mifugo ya wilaya yaweza kuzihitaji.

NGUVU YA MAKUBALIANO

Limebaki jambo moja ambalo maabara haiwezi kulitatua. Ua wa miiba humzuia ndama; haumzuii mtu mwenye ng'ombe wenye njaa. Ngitili ya Usukuma imedumu pale ambapo wanakijiji wenyewe wamepatana ni lini ifungwe, ni lini ifunguliwe, na mvunja mwiko atozwe nini. Mambo hayo huamuliwa katika dagashida, baraza la jadi, na katika vijiji vingi yametiwa nguvu kwa sheria ndogo za kijiji. Pale ambapo wenye ng'ombe wengi wameruhusiwa kuingia kabla ya wengine, au ardhi ya pamoja imemegwa na wachache, ngitili imekwisha upesi, na maskini ndio waliotangulia kuikosa.

Kwa hiyo kuboresha malisho ni kazi yenye mpangilio: kuangalia kwanza kilicho hai, kukipa pumziko wakati wa mvua, kupanda mbegu za wenyeji pale tu palipokufa, kuhesabu ng'ombe na nyasi kwa pamoja, na kupatana juu ya yote hayo kabla ya wingu la kwanza kuonekana. Mwanafunzi aliyepima mizizi kwa mikono yake mwenyewe ataweza kusimama katika mkutano wa kijiji chake na kueleza kwa nini sehemu fulani yafaa ifungwe mwaka huu, na wazee waliozifahamu ngitili tangu utoto wao watakuwa wa kwanza kumwelewa.